Maoni Yangu juu ya Fundi wa Pipa la Shaba

Kitabu hicho kilifika hapa Inyonga katika mfuko wa mjukuu wangu wa kike, huyu anayeyaandika maneno yangu, alipokuja likizo iliyopita kutoka shuleni kwake Mpanda. Kilikuwa hakina jalada. Alinieleza kuwa kiliandikwa Ulaya zamani, kabla ndege hazijaruka, kisha kikafasiriwa. Na kwamba kila anayekisoma hana budi kuandika maoni yake katika kurasa tupu za mwisho kabla ya kukirudisha. Nikamwamuru anisomee maoni hayo kwanza, kwa maana mzinga haufunguliwi kabla ya kusikilizwa.

Wa kwanza alikuwa ameandika, "Uongo mtupu." Wa pili, "Nimekirudia, na chai imepoa mara zote mbili." Wa tatu aliuliza inakuwaje fundi apime nguvu ya mvuke kwa uangalifu mkubwa namna ile, halafu aokolewe na mchawi. Huyo nilimheshimu.

Fundi mwenyewe anajifungia ndani ya pipa la shaba, anarushwa kwa mvuke hadi nyuma ya mwezi, anakuta watu wenye mabawa wanaotawaliwa na malkia. Malkia analificha pipa ili fundi asirudi kwa mkewe.

Kila alasiri, nilipokuwa nikichuja asali, mjukuu alisoma nami nilikemea.

"Amelala katika nyumba yao bila moshi? Mwandishi huyu hajaumwa na nyuki hata siku moja."

"Babu, si nyuki. Ni watu."

"Wana malkia, wana mabawa, wanajenga kwa nta. Soma!"

Kwa majirani nilitangaza kuwa kitabu kile ni cha watu wasio na kazi. Hata hivyo, asali ambayo ingechujwa kwa siku mbili ilinichukua wiki nzima.

Jumamosi ilibaki sura moja, na kesho yake mjukuu alikuwa apande basi pamoja na kitabu. Ndipo alipoingia mtani wangu. Kwetu mtani aweza kuchukua chochote uani pako, hata jogoo, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Siku hiyo hakuchukua jogoo. Alikinyakua kitabu mbele ya majirani waliofuata asali.

"Mzee wa mizinga, nasikia umerudi utotoni!"

"Kiweke chini. Takataka hiyo."

"Kama ni takataka, mama watoto akiwashie moto?"

"Ni mali ya shule!"

Akafunua ukurasa wa mwisho, akaukazia macho, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Maskini fundi. Kumbe mkewe alikuwa amesha—"

"Nyamaza!" nikapaza sauti hata chujio likanianguka. "Usiniambie! Nimengoja wiki nzima!"

Ua wote ukaangua kicheko. Mimi, ambaye wanangu hawakuthubutu kucheka mbele yangu, nilisimama pale asali ikinitiririka miguuni.

"Basi toa maoni yako ya kweli," akasema mtani, "binti ayaandike, nami nitakurudishia."

Nikatamka, naye akaandika: "Kitabu hiki ni cha uongo, na mwandishi wake hajui nyuki. Atakayekisoma baada yangu asikianze siku ya kazi, kwa sababu kazi haitafanyika."

Mtani akakirudisha kwa adabu, akaondoka na kibuyu changu cha asali. Hapo mjukuu akaninong'oneza, "Babu, kwani mtani wako anajua kusoma?"

Nimemfahamu mtu huyo tangu tulipokuwa vijana tukipandisha mizinga mitini. Hajui herufi hata moja, sawasawa na mimi. Nililijua hilo daima. Hofu ya kuambiwa mwisho ndiyo iliyonisahaulisha.

Sura ile tulisomewa siku hiyohiyo, mimi na chujio langu. Mtani amekuja mara tatu kuniomba nimsimulie kama fundi alimkuta mkewe. Nimemjibu kuwa mwisho huo nimeuchukua mimi, kwa haki ya utani; na akikasirika, aibu ni yake.