Plugin ya kulipia iliokoa picha yangu ya Kajaga, ila ilimfuta babu sijda

Wakuu wa jukwaa la picha, salaam kutoka Bujumbura.

Juzi mtu aliuliza humu kama plugin za kulipia, hizi programu za kusafishia picha, zina maana au ni kuliwa hela tu. Wengi mkamwambia atafute crack, yaani toleo la wizi. Mimi nimezitukana hizo plugin kuliko nyote. Leo nawaletea yaliyonikuta bila kuongeza chumvi, jina la binti tu ndilo nimebadilisha.

Nina studio ndogo mtaa wa Asiatique, jirani na maduka ya vitambaa. Kuna familia moja ya asili ya Oman, wenye duka hapo tangu babu yao akiwa kijana. Mjukuu wake, tumwite Nasra, ameolewa, mume yuko Muscat. Siku moja kabla ya safari akataka kitu kimoja tu: picha yake na babu, ufukweni mwa ziwa kule Kajaga, kabla jua halijazama.

Babu hasafiri tena, magoti hayamtaki. Nasra naye hajui atarudi lini. Mnaelewa uzito wa hiyo picha.

Sasa mafuta ya gari, yameadimika. Walioko Buja hawahitaji maelezo. Gari la kina Nasra lilishinda kwenye foleni ya station, mimi niko Kajaga natazama wavuvi wanavuta nyavu na jua linashuka, nasaga meno. Walipofika jua limeshaingia nyuma ya milima ya Congo.

Nikapandisha ISO ili kamera ione gizani, mpaka nikaionea huruma. Babu kakaa kwenye kiti cha plastiki na kanzu yake nyeupe, Nasra kamshika bega. Akamnong'oneza kitu, babu akacheka, nikabonyeza. Nikajua ndiyo hiyo.

Asubuhi nafungua laptop: chenga tupu! Nyuso kama zimemwagiwa mchanga. Nikatumia ujanja wangu wote wa bure. Chenga zikitoka, na sura inatoka nazo. Nilitaka kulia, sidanganyi.

Mke wangu Goreth, ambaye tunafanya kazi pamoja, akaniambia, "We jaribu plugin ya trial, ya kuonja tu, haikuombi franga. Shida yako ni ubishi tu."

Nikaiweka. Inakuja na kazi mbili: moja inaondoa chenga, nyingine inasafisha ngozi. Nikabonyeza zote.

Wakuu!

Ndevu za babu zikaonekana unywele mmoja mmoja. Nyuzi za kofia yake zikaonekana. Hina ya Nasra, ile michoro midogo ya kwenye vidole, yote ikatokea. Mimi niliyepiga sikuiona kule ufukweni! Aliyetengeneza kitu kile, popote alipo, namheshimu.

Ila trial inapiga jina la kampuni katikati ya picha, kubwa, limepita juu ya vichwa vyote viwili. Biashara ni biashara.

Bei iliniuma, ni ya lenzi ya mtumba. Na kadi zetu za huku mnazijua, mtandaoni zinakataliwa. Dada yangu aliye Ubelgiji ndiye aliyenilipia, na masimango juu. Jina likatoka, nikachapisha picha kubwa, nikaitia kwenye fremu bila kuiangalia mara mbili. Nilikuwa na furaha yangu bwana.

Nasra akapita kuichukua akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

"Mashallah, ona hina!" Kisha akaisogeza mlangoni penye mwanga. "Huyu si babu."

"Kivipi? Si ni yeye?"

"Apana. Alama yake ya sijda iko wapi? We umemufuta."

Nikaangalia. Paji la uso la babu lilikuwa safi kama la mtoto mchanga.

Kwa wasiojua, wazee wanaoswali sana hubaki na doa jeusi kwenye paji la uso, pale panapogusa mkeka. La babu ni kubwa, nimemjua nalo. Plugin iliona doa ikalisafisha, na lile jina la trial lilikuwa limekaa hapo hapo, kwa hiyo sikugundua. Mimi ni Mkristo, doa lile nililiona kila siku na sikuwahi kulifikiria.

Nasra machozi yakamtoka. "Babu ameswali maisha yake yote. Mi nikifika kule, nitawaonyesha nani huyu mutu?"

Nje dereva anapiga honi.

Hapa ndipo nawataka nyie wa crack. Toleo la kulipia lina brashi. Unapaka sehemu moja, usafishaji unaondoka hapo tu, kwingine panabaki vilevile. Nikapaka kwenye paji la uso. Doa likarudi, na halikurudi na chenga, kwa sababu ile kazi ya kwanza haikuguswa. Likaonekana mpaka mikunjo midogo pembeni yake. Kwa ujanja wangu wa bure, ndege ingeondoka nikiwa bado nahangaika.

Goreth akachapisha nyingine, akaibadilisha kwenye fremu.

Nasra akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile doa.

"Ndiye," akasema. Akaikumbatia fremu, akatoka mbio.

Kwa hiyo jibu langu ni lipeni. Ya chenga lipa hata kesho. Ya ngozi lipa pia, nimeipenda sana, ila usiiache peke yake na uso wa mtu. Haijui doa gani ni chunusi na doa gani mwenyewe analitaka.

Ile picha ya kwanza ilibaki mezani kwangu. Wiki iliyopita babu akaingia na mkongojo wake, akaiona, akaiinua.

"Kijana huyu ni nani?"

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza akicheka. "Huyu bado hajaanza kuswali."

Kisha akaacha kucheka. "Ile ya Nasra, alama iko?"

"Iko, mzee."

"Alhamdulillah. Basi hii chana."

Nikaichana mbele yake.

Haya wakuu, plugin zenu zimewahi kufuta nini? Tiririkeni. Wa crack nanyi karibuni, nitawacheka kidogo tu.