Khadijo Anaulizwa Kama Yuko Radhi

Khadijo aliuza leso na vitenge karibu na msikiti pale Kitale, na jioni alikuja kwa darasa langu la ngumbaru, la kusomesha watu wazima, huko Kibomet. Alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini mwoga. Nikiangusha chaki tu, alishtuka mwili mzima. Mume wake wa kwanza ndiye alimfanya hivyo. Alimvunja mkono kabla ya kumpa talaka.

Mwaka wa 2005, katika Kiingereza, tulifika kwa neno willing. Nikawaeleza: mtu aliye willing ni yule moyo wake umekubali wenyewe. Si lazima afurahi. I am willing to wait. Sipendi kungoja, lakini nimekubali, hakuna mtu amenishika shati. Unaweka to, halafu kitendo. Basi tungeni sentensi zenu, nikasema. Khadijo akasimama: "My brother is willing to marry me to a man in Bungoma." Yaani kaka yake yuko radhi kumwoza kwa mwanamume wa Bungoma.

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza, "Na wewe je?" Akaketi, akainamia daftari lake.

Baada ya darasa ndipo aliniambia. Kaka yake, Abdirashid, alikuwa amepatana kumwoza kwa mfanyabiashara wa spea za magari anayeitwa Naim. Tangu talaka, Abdirashid ndiye alimpa Khadijo nyumba ya kukaa na watoto wake.

"Huyo Naim ni mtu mbaya?"

"Sijui, mwalimu. Hata yule wa kwanza sikujua."

"Si ukatae, bana."

"Nikikataa atanitoa kwa nyumba. Nitapeleka watoto wapi?"

Nikafuta ubao ambao ulikuwa safi tayari, nimeudhika, maana mimi jibu huwa halinikosi.

Siku ya ndoa aliniomba niende Bungoma nikae kando yake. Mimi Nasimiyu, Mkristo, nikaketi kwa mkeka katikati ya shangazi zake nisiowajua, pilau inanukia uani, wanaume wamejaa sebuleni nyuma ya pazia. Khadijo alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na vinatoa jasho. Ninasema ukweli, mimi pia niliogopa. Niliogopa kwamba atakubali, kisha nikaogopa zaidi kwamba atakataa.

Sheikh akaja mlangoni na mashahidi wawili, Abdirashid nyuma yao. "Khadijo," akasema, "Naim anataka kukuoa kwa mahari mliyopatana. Uko radhi ndugu yako akuoze?"

Khadijo akanyamaza. Sheikh akauliza tena. Kimya.

Shangazi wakaanza vigelegele. Eti anaona haya, amekubali. "Ameshakubali, Sheikh," Abdirashid akasema. "Tuendelee." Ati mtu anaolewa kwa kunyamaza tu, na mimi nimekaa hapo na huu mdomo wangu wote.

Lakini Sheikh hakusonga. "Kunyamaza ni jibu la msichana ambaye hajawahi kuolewa," akasema. "Huyu alishaolewa. Lazima nisikie kutoka kwa mdomo wake."

Vigelegele vikaisha. Abdirashid akamtazama dada yake kwa jicho ambalo siku nyingine ningelijibu, lakini hapo niliukaza tu mkono wa Khadijo. Khadijo akainua uso.

"Naogopa," akasema.

"Kila bibi harusi anaogopa," Abdirashid akadakia.

"Sikukuuliza wewe," Sheikh akamwambia. Akageuka. "Dada yangu, kuogopa si kukubali. Uko radhi?"

"Siko radhi."

Alisema chini sana mpaka shahidi mmoja akamwomba arudie. Nilidhani atazimia. Akarudia, na safari hii hata waliokuwa uani walisikia.

Abdirashid hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikunja kanzu yake, akamwambia mke wake, sisi sote tunasikia, kwamba ufunguo wa nyumba ya Kitale arudishiwe kabla ya Ijumaa. Kisha akatoka kuwapa wageni chakula.

Wale shangazi wakahama mkeka mmoja mmoja, tukabaki wawili. Khadijo alikuwa bado ameshika mkono wangu.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwako kuna nafasi?"

Nikamwambia ipo, tena kubwa. Nilikuwa ninaishi chumba kimoja na mama yangu.