Bomba Lililopitia kwa Bibi

Juzi jirani yangu alichimbiwa mtaro wa kupeleka umeme kwenye banda lake la kuchomelea. Ulinyooka kama rula. Wetu kule kijijini Bujonde, nilipokuwa mtoto, ulipinda.

Baba alikuwa anavuta umeme kutoka nyumbani hadi kwenye karakana yake ya useremala, ng'ambo ya uwanja. Katikati, kando ya migomba, palikuwa na kaburi la bibi, mama yake, halijaota hata nyasi.

"Waya utatusumbua kwenye kona," fundi alisema.

"Zunguka," baba akajibu, na bomba la plastiki la kupitishia waya likalazwa likilizunguka kaburi.

Udongo mbichi ulinukia pamoja na kakao iliyofunikwa majani ya mgomba ichachuke. Mimi niliona jambo moja tu: bomba linapitia kwa bibi. Basi umeme ulikuwa wake.

Mchana fundi alifuata waya mjini. Baba alibaki peke yake karakanani, bomba lilikoishia, akipiga randa. Nikapiga magoti ukutani kwetu, kwenye mdomo wa bomba tupu, nikauliza, "Bibi, huko kuna giza?"

Randa ilinyamaza. Nikasubiri sana, sikio likiwa limebanwa kwenye plastiki ya moto. Halafu sauti ikaja, nzito, kutoka mbali.

"Hapana, mjukuu wangu. Naona vizuri."

Nilikimbia jikoni kumwambia mama kwamba bibi anaona, ila siku hizi ana sauti ya kiume. Mama hakucheka. Alifunika ugali uliokuwa tayari.

"Baba yako tumwache kwanza," alisema. "Usiende kumwita."

Nilishangaa. Niliyeongea naye ni bibi. Baba aliingiaje hapo?