Mpira Kwanza, Mkono Baadaye

Meli za mafuta zilizokuja Tanga katika miaka ya hamsini hazikufunga gatini, kwa kuwa gati la kuzipokea halikuwapo. Zilisimama mbali kwenye maji ya kina, zikafungwa kwenye maboya, na mafuta yakaja pwani kwa mpira mnene uliolala chini ya bahari. Mtu aliyewasha koroboi yake kule Muheza hakujua habari hizo, wala hakuwa na haja ya kuzijua. Sisi tulijua. Tulikuwa genge moja ndani ya boti moja, na kazi yetu ilikuwa kuzifunga meli hizo na kuziunganisha na mpira.

Kuieleza kazi yenyewe ni rahisi. Meli inaingia, inaangusha nanga mbele, kisha nyuma inafungwa kwa waya kwenye maboya mawili ya chuma ili isizunguke. Ikishatulia, tunanyanyua ncha ya mpira kutoka chini, tunaipeleka ubavuni, mabaharia wanaivuta juu na kuikaza kwa nati. Basi. Bahari ikilala, unaweza kuifanya kazi hiyo huku unatafuna muhogo. Lakini bahari hailali kwa amri ya mtu. Wakati wa upepo wa kusi mawimbi yaliingia kwenye mlango wa ghuba yakiwa makubwa, boti ikipanda boya linashuka, boya likipanda boti inashuka. Mtu aliyesimama juu ya boya, amelikumbatia kwa miguu, alikuwa mimi.

Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuwa na akili ya kuogopa. Niliruka kutoka kwenye boti, nikaupitisha waya kwenye pete ya boya, nikaufunga kwa pingu ya chuma yenye pini. Waya huo ulishikiliwa na winchi ndogo ya boti yetu, ukikazwa na kulegezwa kwa sauti yangu. Nikisema legeza, unalegezwa. Nikisema vuta, unavutwa. Uhai wangu ulikuwa katika maneno hayo mawili, na katika mikono ya mtu wa winchi.

Mtu wa winchi alikuwa mtani wangu.

Yeye alikuwa Mnyamwezi aliyeikimbia kazi ya kukata mkonge, mimi Mzigua wa upande wa Pangani, na watu wetu wametaniana tangu enzi za misafara. Asiyejua utani atadhani ni mchezo wa watoto. Mtani anaweza kukutukania mamako mbele ya mkweo. Anaweza kumkamata jogoo wako, akamchinja, akakualika umle. Siku ya msiba wa babako anaingia kaburini, analala chali, anakataa kutoka mpaka apewe chochote. Nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, aibu ni yako, na watu watakucheka mpaka uhame mtaa.

Basi mimi na yeye tulitaniana baharini kama tulivyotaniana nchi kavu. Nikishakaa juu ya boya ananipigia kelele, "Wee Mzigua, papa wamekataa kukula, wanasema nyama yenu chungu!" Nami namjibu kwa kulia kilio cha uongo, "Jamani, Mnyamwezi kaniua! Kaniua mtoto wa watu!" Genge zima linacheka. Serangi wetu, mtu mzima wa Tongoni aliyesimamia kazi, hakutukataza hata mara moja. Alisema watu wanaocheka hawatazami mawimbi. Alikuwa hodari wa kazi, sikatai. Nchi kavu nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kwa upole kama babu wa mtu.

Mwaka huo kusi lilichachamaa. Meli ya mafuta ilikuja ikasimama nje, haikuweza kuingia. Mjini mafuta ya taa yakaadimika, na viwanda vya mkonge vikaanza kuzimisha mashine. Mzungu wetu, mkubwa wa kazi, alikuwa anashuka pwani kila siku na darubini, anaitazama meli, anautazama upepo, halafu anatutazama sisi, kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunavuma. Asubuhi moja upepo ukatulia. Tulijua haukufa, umekaa kitako tu kupumzika. Serangi akasema, "Haya, wanangu, twendeni kabla haujainuka."

Boya la kwanza halikutupa taabu. Kwenye la pili upepo uliinuka kweli, na mawimbi nyuma yake. Niliruka, nikashika pete, nikaanza kuupitisha waya. Wimbi likaibeba boti juu ghafla, waya ukakazika, na mkono wangu wa kulia ukabaki katikati ya waya na pete.

Nilipiga ukelele. "Legeza! Mkono! Mkono wangu, legeza!"

Mtani akajibu kwa sauti ya furaha, "Usiutupe, tuletee tuutie mchuzi!"

Wakacheka. Niliwasikia wote wakicheka. Nikalia tena, nikamwita mtani, nikamwita mama yangu, naye akafanya alivyofanya siku zote nilipolia kilio cha uongo. Aliivuta winchi kidogo, kwa mzaha, ili nizidi kupiga kelele.

Kosa hilo nimelisamehe, na nimelisamehe mapema. Mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Wapo wanaoniambia hadi leo kwamba nilijitakia, kwamba mzoea kulia uongo siku ya kweli hasikilizwi. Waache waseme. Aliyekwisha kuvuta waya kwenye bahari ile anajua kwamba bila kicheko tusingekwenda hata mara moja. Kisichosameheka ni kile kilichofuata, na hicho hakikuwa utani hata chembe.

Boti iliposhuka, mtani aliniona uso. Kicheko kikamkatika mdomoni. Alilegeza waya, akaiacha winchi, akajitupa majini, yeye ambaye kuogelea kwenyewe alijifunza ukubwani, akanishusha. Wakanilaza ndani ya boti juu ya marundo ya kamba, wakaufunga mkono kwa kamba ya katani juu ya kiwiko. Vidole vilikuwapo bado, vyote, ila havikuwa vinanisikia.

"Bwana serangi," mtani akasema, "tumrudishe pwani. Huyu hatanii."

"Naona kama hatanii. Meli imefungwa upande mmoja. Tukiiacha hivi itazunguka, itukanyage sote."

Hapo alikuwa na haki. Nami nilikuwa na akili zangu, nikasema moyoni, sawa, fungeni. Mwingine akaruka kwenye boya, wakafunga. Meli ikatulia. Nikangoja boti igeuke. Haikugeuka. Niliona mbingu tu na mgongo wa serangi, na mgongo ule ulikuwa umeelekea kwenye boya dogo linaloonyesha ncha ya mpira.

Mtani akapiga magoti. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mzima, amepiga magoti kwenye maji machafu ya boti. "Mzee wangu, nakuomba. Mkono wake unakufa."

Serangi hakupaza sauti. "Upepo unapanda. Tukienda pwani leo, kurudi ni wiki ijayo, na Mzungu atatafuta genge jingine. Wewe una watoto. Mpira kwanza, mkono baadaye. Rudi kwenye winchi."

Akarudi kwenye winchi.

Kuunganisha mpira kwenye mawimbi si kazi ya dakika mbili. Waliunyanyua ukawaponyoka, wakaunyanyua tena. Jua lilinipanda usoni. Mafuta yaliyochuruzika kutoka kwenye ncha ya mpira yaliingia kwenye maji niliyolalia, mkono ukawa unaungua na kuwa baridi kwa pamoja. Tulipofika ubavuni mwa meli, mabaharia waliinama kututazama, na mmoja akanirushia sigara. Ilianguka kifuani pangu. Nikawa nasikia nati zikikazwa juu, moja moja, na kila moja nilidhani ni ya mwisho.

Hospitalini tulifika adhuhuri imekwisha kupita. Mganga aliutazama mkono, akauminya, akauliza tangu saa ngapi. Walipomwambia, akauachia mkono. Halafu akasema, si kwangu bali kwa muuguzi aliyekuwa kando, "Wangemleta asubuhi ningejaribu." Wakaukata chini ya kiwiko.

Watu wengi hudhani kupoteza mkono wa kulia ni kupoteza kazi. Kazi ni jambo dogo. Kwetu pwani watu hula sinia moja, na mkono wa kushoto una shughuli zake zinazojulikana, haugusi chakula cha wenzio. Siku ya kwanza niliyotoka hospitali mama yangu aliniwekea chakula na ndugu zangu. Nikanyoosha kushoto. Wakala matonge mawili matatu, mmoja akasema ameshiba, mwingine naye akashiba. Kesho yake nikapakuliwa sahani yangu nyuma ya mlango. Harusini nilipelekewa chakula uani, pamoja na wagonjwa wa ngozi. Kijana wa umri wangu, niliyekuwa natafutiwa mchumba! Kilichobaki cha kunisetiri ni ukweli tu, kama ungeenea mjini. Mtu aliyeumizwa kazini kwa ukatili wa mkubwa wake huonewa huruma. Aliyeumia kwa mchezo wake mwenyewe ni mpumbavu, na nani amwoze mpumbavu asiye na mkono?

Kwa hiyo nilipoitwa ofisini kuulizwa yaliyotokea, nilikwenda na kanzu safi. Nilitaka jambo moja tu, isemwe mbele ya watu kwamba niliachwa nimelala ndani ya boti mpaka mpira ulipofungwa. Mzungu alikaa, karani akatafsiri. Serangi akaulizwa kwa nini nilichelewa kufikishwa. Akajibu kwa upole uleule wa kuitikia shikamoo, "Bwana, huyu ana desturi ya kulia kwa utani. Tulidhani anatania mpaka mwisho wa kazi."

Karani akachukua muda kueleza utani ni nini. Mzungu akasikiliza kwa makini, akapendezwa, hata akauliza habari za kulala kaburini. Kisha akamgeukia mtani wangu. "Nawe? Ulijua saa ngapi kwamba hatanii?"

Nilimtazama. Alikuwa amenishusha kwenye boya kwa mikono yake. Alikuwa amepiga magoti kwa ajili yangu. Serangi alikuwa kando yake, hamtazami, anachezea kofia yake.

"Nilijua tulipofika pwani, bwana," mtani akasema.

Mzungu akasema utani sasa marufuku ndani ya boti. Wakanipa pole. Nikatoka.

Nilikaa mpaka kusi likaisha. Halafu siku moja, mchana, nikaenda kwake. Majirani waliponiona wakaanza kuchangamka, maana mtani akimwendea mtani hapakosi kituko. Mkewe akacheka, akasema, "Haya, Mzigua kaja, ficheni kuku!"

"Kuku sitaki," nikasema. "Nina njaa. Nipikieni."

Akaleta ugali na mchuzi wa papa. Majirani wamejaa uani. Nikakaa mkekani mbele ya mtani, nikauficha mkono wa kushoto nyuma. "Mtani, wa kulia umeuchukua wewe. Nilishe."

Kicheko kilichopigwa hapo nakisikia bado. Wanawake walishikana mabega. Yeye hakucheka. Alinawa, akakata tonge, akalichovya, akaliingiza kinywani mwangu. Nikala. Likaja la pili, nikala. Lilipokuja la tatu niliyafunga meno juu ya vidole vyake.

Niliuma. Sikuuma kwa mzaha. Niliuma mpaka mchuzi ukabadilika ladha, na hakuuvuta mkono. Angeweza, alikuwa na nguvu kunishinda. Alinitazama machozi yakimtiririka, na watu wakazidi kucheka, wakisema huyu Mnyamwezi anajua kuigiza. Akainama karibu na sikio langu, akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ata, ndugu yangu. Ng'ata sana."

Hakuniita mtani. Nilimtaka aniite ndugu mbele ya Mzungu, mbele ya serangi, siku ile neno lake lilipokuwa na thamani. Sasa lilinifaa nini? Nikazidisha meno, na sijutii hata leo.

Nilipoachia, majirani walipiga makofi. Vidole vyake vilipona kabla ya mwezi kuandama. Meli iliyofuata ilipokuja alikuwa kwenye winchi kama kawaida, na jioni alikula sinia moja na wenzake wa genge. Mimi nilikula kwetu, nyuma ya mlango.