Ubavu wa Mdogo Wangu

Nilianza ngumi kabla ya mdogo wangu. Hilo nimelisema mara nyingi kimoyomoyo na mara chache kwa mdomo, kwa sababu watu wakilisikia hucheka. Yeye alikuwa bondia wa kulipwa wa uzito wa juu. Alipigana Kinshasa, alipigana Lusaka, picha yake ilibandikwa kwenye kuta za mji wetu. Mimi nauza samaki wa kukaushwa.

Tulizaliwa Lubunga, upande wa Kisangani ulio kushoto mwa mto. Baba alikuwa mtu wa biashara ya majini, akishuka na mzigo hadi Basoko na kurudi, na miili yetu tuliirithi kwake: mabega mapana, mikono mirefu, shingo fupi. Nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa na kilo themanini na sita, na nguo za dada zangu wakubwa hazikunitosha tena.

Karibu na kituo cha reli palikuwa na bohari tupu. Papa mmoja, fundi wa reli aliyestaafu ambaye sote tulimwita Kocha, alifundisha ngumi humo, kwa mifuko iliyojazwa pumba za mpunga. Siku moja nilimpelekea samaki walioagizwa na mkewe, nikabaki mlangoni nikiangalia. Aliniona ninavyosogeza miguu bila kujijua. Akanivalisha glavu, akaniambia nipige mfuko, nami nikaupiga mpaka pumba zikamwagika.

Baada ya miezi mitatu nilimleta mdogo wangu. Alikuwa mwoga. Ngumi ikija alifumba macho, na mtu anayefumba macho hawezi kujifunza chochote. Nilimsimamisha nyuma ya nyumba, nikawa namtupia usoni kitambaa kilicholowa maji, kila asubuhi, mpaka akaacha kupepesa. Hiyo ni kazi yangu. Kocha hakuifanya, wala walimu wa Kinshasa waliomchukua baadaye.

Kisha akakua. Akanipita urefu, akanipita kilo, na bwana mmoja akaja kutoka Kinshasa kutafuta vijana wazito, kwa sababu wazito ni wachache. Alituangalia sote asubuhi nzima. Mwishoni akanionyesha kidole, akamuuliza Kocha, "Na huyu?"

"Huyu iko mwanamuke, patron. Atapigana na nani?"

Bwana yule alicheka kidogo, bila ubaya, na akageukia upande wa mdogo wangu. Wiki iliyofuata mdogo wangu alipanda boti. Nilimpikia lituma ya safari, nikaziponda ndizi zake kwa nguvu hadi mama akaniambia nitavunja kinu.

Pambano lake la kwanza tuliliona kwenye simu ya jirani. Alimwangusha mtu raundi ya pili. Mama alicheza mpaka kitenge kikamfunguka. Mimi niliona tu kwamba mkono wake wa kulia unashuka kila akipiga wa kushoto, nikasubiri mwingine aone. Hakuna aliyeona. Akashinda tena, na tena, na sokoni wakaanza kuniita yaya ya boxeur, dada wa bondia, kana kwamba sikuwa na kitu changu hata kimoja.

Alinitumia picha nyingi. Moja iliniuma kuliko zote. Amekaa kwenye kiti, miguu ameinyoosha, na mwanamume mzima amepiga magoti mbele yake anamfunga kamba za viatu. Niliitazama picha ile nikiwa nimechuchumaa mbele ya moshi wa samaki, macho yananitoka machozi, na si moshi peke yake ulioyaleta.

Aliposhindwa kwa mara ya kwanza, huko Lusaka, nilienda sokoni nikiwa mwepesi. Niliwatania wateja, nikawaongezea samaki bila wao kuomba. Mama mmoja akaniambia, "Leo uko na furaha, maman." Nikamjibu kwamba ni hali ya hewa. Siku ile sikuona haya. Haya ilikuja baadaye.

Ikafika zamu ya Kisangani. Waandaaji walileta pambano nyumbani kwake, na mpinzani alikuwa mtu wa Kinshasa anayepigana kwa kushoto. Mwenzake wa mazoezi, ambaye angemwigiza mtu huyo, alishikwa na malaria na hakupanda ndege. Mdogo wangu akavuka mto, akaja mpaka kwenye meza yangu ya samaki.

"Yaya, hapa mujini hakuna mutu wa kilo zangu. Ni wewe tu."

"Mimi nina miaka mingi sijavaa glavu."

"Wiki tatu. Nakuomba."

Nilikubali haraka mno. Kocha aliziba matundu ya dirisha kwa magunia, akafunga mlango kwa ndani, kwa sababu tulikubaliana mtu yeyote asijue bingwa wa mji anapigwa na dada yake. Ndani ya bohari ile nilikuwa na raha ambayo sijaipata mahali pengine. Nilijifunza kusimama kama yule mpinzani, mguu wa kulia mbele, na mwili wangu ulikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Saa sita nilirudi sokoni na mdomo umevimba, nikawaambia wenzangu nimejigonga kwenye mlango. Waliitikia kwa heshima ile ambayo watu humpa mwanamke anayepigwa na mume wake.

Siku tano kabla ya pambano, Kocha alimruhusu mwandishi wa redio aingie kabla hatujaanza mazoezi. Aliuliza maswali yake, kisha akanitazama.

"Na huyu maman?"

"Huyu ni yaya yangu," mdogo wangu akasema, akicheka. "Ananipikiaga."

Nilijua kwa nini alisema hivyo. Alikuwa anatunza siri yetu, na siri hiyo nami niliiafiki. Mwandishi akaandika, akaaga, mlango ukafungwa. Tukavaa glavu.

Katika raundi ya tatu Kocha akasema, "Stop. Sikiliza kidogo." Mdogo wangu akashusha mikono, akamgeukia. Mimi nilikuwa nimesikia vilevile kama yeye. Nikampiga ubavuni, chini ya kiwiko, kwa mkono wa kushoto na uzito wangu wote. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kijiti kikavu kikivunjika. Alipiga goti moja, akashika sakafu.

"Hukusikia?" Kocha akaniuliza.

"Sikusikia."

Muuguzi aliyeletwa kwa siri alimfunga bendeji, akamwambia asipigane. Mdogo wangu akasema atapigana, mji mzima umeshajua kuna pambano. Mimi nilirudi kwangu, nikakaa, nikangoja kuona kama ninajuta. Nilijuta. Lakini chini ya majuto kulikuwa na kitu kingine kilichokaa kimetulia, kikisema kwamba sasa ameujua uzito wangu.

Pambano lilikuwa alasiri, uwanja umejaa. Nilikaa kati ya mama na majirani zetu. Mdogo wangu alipigana raundi kumi, kiwiko cha kulia amekibana ubavuni, na watu waliokuwa nyuma yangu wakasema huo ni mtindo mpya aliojifunza nje. Katika raundi ya nane mpinzani alimgusa palepale, bila kujua. Niliona uso wa mdogo wangu ukibadilika rangi. Uwanjani kote tulikuwa wawili tu tulioelewa, mimi na Kocha, na Kocha hakugeuka kunitazama. Nikajikuta nimeushika mkono wa mama kwa nguvu, naye akadhani ninamwombea.

Alishinda kwa pointi chache. Wakampa maikrofoni. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama, akamshukuru Kocha, akawashukuru watu wa Kisangani na wa Lubunga. Na mimi, niliyemvunja ubavu, nilikaa pale nikingoja anitaje. Niliendelea kungoja hata baada ya maikrofoni kuzimwa.

Kesho yake nilimkuta kwa mama, amelala chali, anapumua kidogo kidogo.

"Nilimusikia Kocha," nikamwambia.

"Najua, yaya. Niliona macho yako."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nikisema yaya yangu amenivunja ubavu, wataniuliza mbona si yeye anapigana." Alitaka kucheka, maumivu yakamkatiza. Akangoja yapite. "Lakini usirudilie tena."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Nilimletea maji, nikamsaidia kuinuka anywe.

Alipigana miaka mitatu zaidi. Mwisho alikutana na kijana mzito kuliko yeye, nchi ya mbali, na ngumi yake moja ikamharibu jicho la kushoto. Madaktari wakamkataza kupigana. Akarudi, akafungua ukumbi wake wa ngumi Simi-Simi, ng'ambo ya mto, na safari hii mlango uko wazi kwa wasichana. Wanakuja na tolekatoleka, baiskeli za abiria, wengine wakisindikizwa na baba zao. Mara ya kwanza nilipowaona wamepanga foleni, wamevaa bukta, hakuna anayewacheka, nilirudi kwangu bila hata kumsalimia mdogo wangu.

Kuna mmoja mwenye kilo tisini, binti wa mwalimu wa shule. Mdogo wangu, kwa jicho moja, hawezi kumfundisha vizuri, akaniomba mimi. Sasa ninavuka mto mara tatu kwa wiki. Ninamfundisha kwa ukali, naye hanung'uniki, jambo linalonikera zaidi. Mwezi uliopita walimpatia pambano Kinshasa, kwa sababu siku hizi wapo wanawake wa kilo zake.

Aliponiletea habari alikuwa ametoka kuruka kamba, jasho linamtiririka.

"Maman, utakuja kukaa kwenye kona yangu?"

Nilimwambia samaki hawajiuzi wenyewe. Nikamwambia tuendelee na kazi. Boti lake linaondoka Jumanne, nimeshamfungia kwanga, mikate ya muhogo, na samaki wa njiani. Kama nami nitapanda, sijaamua. Nikimfikiria akikaa kwenye kiti kati ya raundi, mtu akimpa maji, kinywa changu kinakauka kwa wivu, na mtu huyo wa kumpa maji anatakiwa kuwa mimi.