Kiraka Kilichosubiri Mgeni Rasmi

Nawasimulia hili nikijua mtanicheka, na mcheke tu, maana mke wangu alishacheka, shemeji zangu kule Kondoa walishacheka, na hata sheikh aliyetufungisha ndoa nilimwona siku moja akinitazama huku ameuma mdomo wa chini asitoe sauti. Mimi ndiye yule mtu aliyevutwa kwa miguu kutoka chini ya meza kuu, mbele ya mgeni rasmi, kwaya na ukumbi mzima wa watu, nikiwa na suti ya kuazima, na yote hayo kwa sababu siku moja kwenye kikao nilinyoosha mkono wakati ningeweza kunyamaza.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, kila ukiamka unasikia hiki kimeuzwa, kile kimepata mwekezaji, na mwekezaji akishapita tu watu wanapunguzwa. Nilikuwa mtaalamu wa kompyuta wa chama kimoja cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma (jina nalificha, viongozi wake bado tunakutana sokoni). Mtaalamu ni neno kubwa, tulikuwa na kompyuta chache za mezani na moja kubwa tuliyoiita seva, na ndani ya hiyo seva ndimo zilimokaa zamu za wakulima, nani akate zabibu lini na azilete lini, maana zabibu ikishakatwa haina subira. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha seva haizimiki. Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba ukiifanya vizuri hakuna anayekuona, na chama nacho kilikuwa kimepata mwekezaji, uvumi ulishazagaa kwamba kuna watu watapunguzwa, na kwamba wataanza na wale ambao haijulikani wanafanya nini. Mke wangu alikuwa mja mzito, tumepanga vyumba viwili Chang'ombe, na mimi nilitaka sana ijulikane ninafanya nini.

Ndipo ikaja CD kutoka Dar, kwa basi, ndani ya bahasha. Sasa niwaeleze kidogo, wala msikunje uso, ni jambo jepesi. Ndani ya kila kompyuta kuna programu ya chini kabisa inayoziamrisha nyingine zote, hii ipite, ile isubiri, sisi mafundi tunaiita kiini. Watengenezaji walikuwa wamegundua kwamba kiini cha seva za aina yetu kina tundu, na kwamba mtu yeyote mwenye nia mbaya, akiwa hata nchi ya mbali, anaweza kulipitia kwa njia ya mtandao na kufanya atakavyo. Basi wakatengeneza kiraka cha kuliziba. Ukiweka ile CD, ukabonyeza mara mbili tatu, ukaiwasha upya mashine, kwa dakika ishirini kazi imekwisha, unakwenda kunywa chai.

Mimi sikwenda kunywa chai. Nilingoja kikao cha Jumatatu, tukafika kwenye mengineyo, muda ambao watu wote wanakusanya kalamu zao, nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti nzito kwamba kuna tishio la kiusalama kwenye kiini cha seva ya chama. Watu wakarudi kukaa. Meneja wetu, Bwana Ndahani (mtu mwema, lakini naye alikuwa anautafuta uso wa mwekezaji kama sisi wengine), akaniuliza kama tishio hilo lina dawa, nikasema dawa ninayo mezani kwangu. Akatafakari, akagonga meza kwa kalamu, akasema jambo zito kama hilo haliwezi kufanyika kimya kimya, lazima lizinduliwe.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Badala yake nilihisi joto fulani tamu kifuani, nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake kulikuwa na kamati ya maandalizi, na ndani yake kamati ndogo ya chakula, ya mapambo na ya kwaya, na nusu ya wajumbe walidhani kiini ni kitu kinachohusu mbegu za zabibu. Zikachapishwa fulana zenye maneno KIINI SALAMA, ZABIBU SALAMA. Ile CD ikachukuliwa mezani kwangu, ikafungwa kwa karatasi ya zawadi na utepe mwekundu, ikafungiwa kwenye kabati la meneja, kwa maelezo kwamba mgeni rasmi hawezi kufungua kitu kilichokwisha kufunguliwa. Mgeni rasmi mwenyewe, mheshimiwa ambaye naye sitamtaja, akaahirisha mara ya kwanza kwa ajili ya semina, akaahirisha tena kwa ajili ya msiba, na siku zote hizo tundu liko wazi na kiraka kimevishwa utepe.

Mama Neema, mhazili wa meneja, mwanamke aliyeona sherehe nyingi katika maisha yake, aliniita pembeni akaninong'oneza kwamba ufunguo wa kabati anao yeye, niichukue CD jioni, niweke kitu changu, yeye ataifunga upya vilevile. "Mwanangu, wewe umeona wapi kitu kinazinduliwa ndipo kianze kazi?" akasema. "Visima vinazinduliwa vikiwa vimeshachotwa maji mwaka mzima." Nikakataa. Nilimwambia hiyo ni kazi ya kitaalamu, siwezi kufanya mchezo wa kuigiza (mimi huyo, mwenye suti ya kuazima tayari imetundikwa mlangoni). Ukweli nilitaka mheshimiwa, meneja na mwekezaji waione kazi yangu ikifanyika kwa macho yao.

Siku ikafika. Seva ilihamishiwa ukumbini, ikapewa meza yake yenye kitambaa cheupe, na picha ya kioo chake ikawa inarushwa ukutani, kubwa kama mlango wa lori, mapazia yote yamefungwa. Meneja akataka mgeni akiingia akute mtandao umeshafunguka. Nikamwambia mzee, kuunganisha mtandao kabla ya kuziba tundu ndiyo hatari yenyewe, akasema mheshimiwa hawezi kukaa anasikiliza ile milio ya simu (mtandao wa siku zile uliingia kwa kupiga simu), tena niiweke mashine ijipigie simu yenyewe kila laini ikikatika. Nikaweka, niseme nini. Kile kidude cha kuunganishia simu kina taa nyekundu na nyaya nyingi, kamati ya mapambo ikasema kinaharibu mandhari, wakakisukumia chini ya meza kuu, wakakifunika kwa kitambaa kilichoburuzika hadi sakafuni.

Mgeni alitarajiwa saa tatu. Saa tatu alikuwa Kibaigwa anazindua mzani wa mahindi. Saa tano tukaambiwa ametoka Kibaigwa. Kwaya iliimba nyimbo zake zote ikaanza upya, upepo unapiga mabati, mwekezaji anatazama saa, na muda wote huo seva yetu imekaa kwenye mtandao, mlango wazi, ikisubiri mheshimiwa au mtu mwingine yeyote.

Mtu mwingine alitangulia.

Mheshimiwa aliingia karibu saa saba. Tukasimama, tukapiga makofi, akakata utepe, akafungua ile karatasi ya zawadi, akaitoa CD, akaigeuza mbele na nyuma, akanikabidhi. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikageukia mashine, na pale ukutani, mbele ya watu wote, kikatokea kijisanduku cha kijivu chenye maandishi ya Kiingereza yasemayo kwamba mfumo umepata hitilafu na utajizima baada ya sekunde sitini. Chini yake namba zinarudi nyuma, hamsini na tisa, hamsini na nane.

Nilijua papo hapo. Mdudu ameingia, yaani kirusi cha kompyuta, amepita kwenye lile tundu. Nikafungua mdomo, lakini mshereheshaji (tulikodi mshereheshaji wa harusi, anaitwa Kibiriti) alikuwa na kipaza sauti na mimi sina, na alipoona namba zinahesabu alifurahi kupita kiasi, akatangaza kwamba mitambo imemtambua mheshimiwa, wote tusimame tuhesabu pamoja. Wakasimama. Meneja akasimama. Ukumbi mzima, fulana kwa fulana, tano, nne, tatu, mbili, moja, na seva ya chama ikazimika ikawa nyeusi tii. Nyie, vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata kwenye harusi yangu. Kwaya ikaanza kuimba. Mwekezaji akampa meneja mkono.

Mashine ikajiwasha yenyewe, ikajipigia simu yenyewe kama nilivyoiagiza, mdudu akaingia tena, kijisanduku kikarudi. Kibiriti akasema na sasa awamu ya pili. Wakahesabu tena, makofi yakawa ya wastani. Ilipokuja mara ya tatu walihesabu watu wa kwaya peke yao, na mheshimiwa akamwinamia meneja, lakini kipaza sauti kilikuwa mbele yake, kwa hiyo tulisikia wote.

"Ndugu Meneja, kitu hiki kinazinduliwa mara ngapi?"

Meneja akanitazama. Na mimi nilichokuwa nakiona si macho yake, ni zile zamu za wakulima, maana mashine ikizimwazimwa hivyo kuna siku haitaamka na kila kilichomo kitapotea, na ulikuwa msimu, watu wako shambani na visu. Dawa ilikuwa moja, kukata simu. Na simu ilikuwa chini ya meza kuu.

Nikaona nikizunguka kwa nyuma nikainama taratibu hakuna atakayegundua. Nikaingia kwa tumbo. Kule chini ni giza, kuna viatu vingi kuliko nilivyotegemea, vingine vimevuliwa, nikapapasa waya, nikavuta, nikasikia mtu juu yangu anashtuka. Nilikuwa nimeshika soksi ya mheshimiwa. Nikaachia, nikapapasa tena, nikapata waya wenyewe, na wakati huohuo mlinzi wake akanidaka vifundo vya miguu akanivuta kwa nguvu zote za serikali. Nilitoka na waya, na waya ukatoka na kitambaa, na kitambaa kikashuka na maua, chupa za maji na keki iliyotengenezwa kwa umbo la kompyuta. Suti ya watu ikapasuka mgongoni toka juu hadi chini. Nikalala pale sakafuni nina malai ya keki usoni na waya wa simu mkononi, na ukutani nyuma yangu seva imewaka, imetulia, haihesabu chochote.

Niliona aibu ambayo siwezi kuipa jina. Mheshimiwa, kwa kuokoa hali, akasema sasa twende tukale, watu wakatoka kwenda kwenye pilau wakiwa hoi kwa kicheko, na mimi nikabaki ukumbini na Mama Neema aliyekuwa ananifuta malai kwa moja ya zile fulana. Nikamwondoa mdudu, nikaweka CD, nikaziba tundu. Zamu za wakulima nilizikuta zote. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na watu wote walikuwa kwenye foleni ya nyama.

Wiki mbili baadaye meneja aliniita ofisini, akanikaribisha kiti, nikajua. Akasema taarifa ya uzinduzi imempendeza mwekezaji, na kwa kuwa kiini sasa kimeshazibwa, mwekezaji haoni sababu ya chama kuendelea kuwa na mtu wa kuziba.

Nikamwambia, "Mzee, matundu hayaishi. Mwezi ujao litagunduliwa jingine."

"Shabani," akasema kwa upole kabisa, "unataka niwaambie tulizindua kitu ambacho hakijaisha?"

Nilikuwa wa kwanza kupunguzwa. Binti yangu alizaliwa mwezi huohuo, nikampokea mikononi nikiwa sina kazi, na siwafichi, nililia, si kwa furaha peke yake.

Sasa niko ofisi nyingine hapahapa mjini, nina seva nyingine, na nimejiapiza kwamba kiraka chochote kikija sitanyoosha mkono kwenye kikao chochote, hata mengineyo yachukue siku nzima. Juzi kimekuja kimoja. Nikangoja watu waende kula, nikainama nyuma ya mashine, nikakiweka. Bosi akarudi mapema akanikuta nimechutama, akaniuliza ninafanya nini.

Nikamwambia nafuta vumbi. Akasema vizuri, vumbi limezidi siku hizi, akaingia ofisini kwake akafunga mlango.