Macho Kwenye Runinga

Muuza kahawa wetu hapa Bireuen, mji wa Aceh nchini Indonesia, huchuja kahawa bila kuitazama mikono yake. Macho yako kwenye runinga. Warohingya, Waislamu waliokimbia mauaji kwao Myanmar, walipoanza kufika ufukweni kwa mashua, runinga iliwaita ndugu zetu, naye akafunga duka akawapelekea wali wa nazi. Miaka ikapita, ikawaita wageni, kisha wavamizi, na mdomo wake ukafuata.

Jana mama wa Kirohingya alisimama mlangoni, mtoto kifuani, akaomba maji ya moto ya kukorogea maziwa.

"Mpe, Bang," mteja mmoja akamwambia muuza kahawa kwa kicheko, akimwita kaka kwa lugha yetu, "kesho aje aombe na kitanda!"

Muuza kahawa akaitazama runinga. Ilikuwa ikitangaza sabuni. Akangoja mpaka habari ziliporudi.

"Maji yamekwisha," akasema. Birika lilikuwa likichemka nyuma yake, na sote tulilisikia.